Pampu Iliyogawanywa Sawa kwa Sawa

Siku ushirika wa wakulima wa vitunguu ulipovunjwa, Mwalimu alifika mapema, akafuta benchi la mbele kwa leso yake, akakaa peke yake. Benchi lilikuwa la watu watano, lakini hakuna aliyethubutu kusogea. Karibu nusu ya wanachama alikuwa amewafundisha hesabu yeye mwenyewe, na wote walijua jicho analomtupia mtu aliyekosea. Kazi ya shule alikuwa ameistaafu zamani. Jicho hakulistaafu.

Na tuseme ukweli, pale palikuwa na mengi ya kudharau. Ofisi ya ushirika ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa ubavuni mwa ghala, chenye saa ya ukutani iliyosimama, kabati lililofungwa kwa waya, na bango la "Karibu Tukuhudumie" ambalo halikuwahi kumhudumia mtu. Katibu wa zamani alikwenda mjini kununua mbegu, na mpaka siku hiyo alikuwa bado ananunua. Gari la ushirika liliuzwa kwa bei ya chuma chakavu, eti limekufa, na sasa kila mtu alikuwa analiona likipita barabarani limejaa mchanga, linanguruma kwa afya njema. Mwenyekiti alilieleza jambo hilo katika mikutano mitatu mfululizo na kila alipomaliza watu walikuwa wameelewa kidogo zaidi ya hapo mwanzo, yaani hawajaelewa kitu. Hakuwa mwizi, maskini. Kuiba kunataka akili.

Kwa hiyo Mwalimu aliposimama kwenye mkutano wa mwezi uliopita na kupendekeza ushirika uvunjwe, watu walipiga makofi. Aliwaambia waziwazi kwamba ushirika ni wa watu wenye vichwa, na kwamba wao wamejaliwa shingo tu. Wakapiga makofi hata hapo. Ndivyo walivyokuwa: ukiwatukana kwa sauti ya darasani, wanadhani wanafundishwa.

Ambalo hakuwaambia ni hili. Deni la ushirika kwa benki lilikuwa limeshalipwa kwa kuuza kiwanja cha nyuma, na mali ya maana iliyobaki ilikuwa moja tu: pampu ya maji. Ilikuwa pampu kubwa, ya injini ya dizeli ya zamani isiyo na betri, inayowashwa kwa kuzungushwa kwa mkono. Ndiyo iliyokuwa inavuta maji mtoni na kuyamwaga kwenye mfereji uliopita katika mashamba yao yote. Mwalimu alikuwa amepiga hesabu zake. Ushirika ukivunjwa, pampu itanadiwa. Ikinadiwa, nani mwenye fedha ya kuinunua kama si yeye, mwenye kiinua mgongo alichokibania miaka yote? Ataifunga pale pale mtoni, na wajinga wale watakuja mmoja mmoja kununua maji kwa saa, na wataitikia "ndiyo, Mwalimu" kama zamani. Sehemu ya kiinua mgongo alikuwa ameshaizika ardhini: alikodi shamba la jirani, akanunua mbegu ya bei mbaya, na vitunguu vyake sasa vilikuwa vimeanza kuvimba chini. Kitunguu kinapovimba ndipo kinapotaka maji kuliko wakati wowote. Kikikosa, kinabaki kidogo kama gololi, na gololi haina soko.

Mfilisi aliyetumwa kusimamia mgawo alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa. Alieleza utaratibu kwa haraka huku akichungulia simu yake. Njia nzuri, alisema, ni kuuza vitu vyote na kugawana fedha.

"Fedha hatuitaki," ilisema sauti kutoka nyuma.

Mwalimu hakuhitaji kugeuka. Alikuwa ni Sifuri. Jina hilo alimpa mwenyewe, darasa la tatu, alipomrudishia daftari mbele ya wenzake, na likamganda mpaka ndevu zikaota. Sasa Sifuri alikuwa baba wa watoto wanne na fundi wa baiskeli msimu usio wa kilimo, na watoto wake waliitwa watoto wa Sifuri bila mtu yeyote kucheka, kwa sababu walishasahau kuwa ni utani.

"Fedha ya gari tuliambiwa ipo," Sifuri akaendelea. "Fedha ya mbegu tuliambiwa ipo. Safari hii mimi nataka kitu mkononi. Nikiguse."

"Kitu mkononi!" wakadakia wengine. "Sawa kwa sawa!"

"Pampu haigawanyiki," alisema Mwalimu bila kusimama. "Au mmesahau hata kugawanya?"

Walicheka kidogo, kwa woga. Lakini Mwenyekiti, ambaye kwa mara ya kwanza katika uongozi wake aliona jambo ambalo watu wote wanakubaliana, alilirukia kama mtu aliyeokota noti. Akasema kila kitu duniani kina vipande, na kwamba ushirika huu ulizaliwa kwa usawa na utakufa kwa usawa. Mfilisi akafungua mdomo, akaitazama simu, akaufunga. Gari la mwisho la kurudi kwake lilikuwa linaondoka alasiri. Akaandika kwamba wanachama wameridhia kugawana vitu vyenyewe kwa kura, akapiga muhuri, na kwa kishindo kile cha muhuri ujinga ukawa halali.

Basi wakagawana. Mtu mwingine angesema ilikuwa kichekesho, lakini Mwalimu hakuwa na kicheko cha kuwapa bure. Vikaratasi vilitiwa katika kopo la maziwa ya unga, kila mtu akachovya mkono. Mabati ya paa yalianza kung'olewa hata kabla watu hawajatoka ndani. Mmoja alipata mlango, mwingine bawaba zake, wakatazamana kama wakwe. Ndugu wawili wa tumbo moja walipata benchi lile lile alilolifuta Mwalimu, na kwa kuwa hakuna aliyekubali mwenzake aanze kulikalia, walilikata katikati kwa msumeno. Kila mmoja aliondoka na nusu yenye miguu upande mmoja. Benchi la namna hiyo ukilikalia linakupeleka chini, na wote wawili walijaribu.

Kisha wakaifikia pampu. Fundi aliitwa, akaikalia na spana zake mpaka ikabaki mifupa. Injini akapata Sifuri. Mwenyekiti akapata tangi la mafuta. Mpira mnene wa kunyonyea maji mtoni akapata wifi yake Mwalimu, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mpole aliyelima kipande kilichopakana na chake. Mkanda ukaenda huku, magurudumu kule, mabomba yakasambaa kila nyumba.

Mwalimu alikuwa wa mwisho kuchovya mkono. Akapata hendeli, kile chuma kilichopinda cha kuwashia injini.

Kwanza alikasirika mpaka masikio yakamwaka. Mpango wake wote ulikuwa umeraruliwa vipande mbele yake, na yeye ameambulia kipande kinachoingia kwenye kikapu. Lakini alipokuwa njiani kurudi nyumbani hasira ikaanza kugeuka kitu kitamu zaidi. Alisimama. Akakipima kile chuma mkononi. Injini ile haina betri. Bila hendeli ni chuma cha kukalia, na wao walishakata hata mabenchi. Mtu mwenye tangi hana kitu, mwenye mpira hana kitu, Sifuri na injini yake hana kitu. Mwenye pampu ni yeye.

"Watakuja," alijiambia. Akaiweka hendeli mezani sebuleni, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe, mahali ambapo mgeni yeyote akikaa lazima aione.

Wakaja kweli. Mfereji ulikuwa umekauka, udongo umeanza kupasuka, na kila alfajiri watu walikuwa wanapanda kutoka mtoni na ndoo vichwani, wakimwagilia tuta moja kwa shida huku la pili likifa. Mwalimu alikuwa anawatazama dirishani akinywa chai. Vyake pia vilikuwa vinanyauka, ncha za majani zimeanza kuwa njano, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Lakini alijua wao watashindwa kwanza. Watu wa aina hiyo hushindwa kwanza sikuzote, ndivyo alivyoamini.

Sifuri alikuja na wifi. Walikaa ukingoni mwa viti, miguu ya udongo wameikunja chini ili wasichafue zulia. Sifuri akaitazama hendeli, akameza mate.

"Mwalimu, tumeongea na wenzetu," alisema. "Tulifanya haraka, tunakubali. Sasa kila mtu alete kipande chake, tuifunge pampu tena pale mtoni. Si ushirika, ni kikundi tu, cha kupeana zamu. Wewe lete hendeli, uchukue zamu ya kwanza. Vitunguu vyako tunaviona vilivyo."

Lilikuwa neno zuri, na mtu mwenye shida alipaswa kulidaka. Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu.

"Nani amelifikiria hilo?"

"Mimi," alisema Sifuri.

"Ndiyo maana." Akatabasamu. "Sikiliza nikufundishe, maana ukiwa mdogo hukushika. Mimi siingii kikundi na watu waliokata benchi. Mtaniuzia vipande vyote, kwa bei nitakayopanga. Pampu itakuwa yangu, nanyi mtanunua maji kwa saa. Anayetaka, alete kipande. Asiyetaka, abebe ndoo, shingo ni yake."

Sifuri alijikuna kichwa. Hakukasirika, na hilo lilimuudhi Mwalimu kuliko kama angekasirika. Aliaga kwa adabu, akatoka, akakumbuka kufunga mlango.

Wifi akabaki. Alikuwa amezoea kubaki. Tangu siku ya harusi alikuwa amesimama kati ya Mwalimu na ukoo mzima, akizima maneno ya huku yasifike kule, akimtetea kwamba ana mdomo mkali lakini moyo mzuri. Kaka yake alipougua, ni yeye aliyemwogesha mchana wakati Mwalimu yuko shuleni. Hakuwahi kulitaja jambo hilo.

"Wifi yangu," alisema, "punguza kidogo. Hawa watu hawana fedha ya kununua maji. Na wewe mwenyewe unaungua. Nimepita shambani kwako leo, nimeona huruma. Chukua zamu, wifi. Fanya kwa ajili yangu, basi."

"Kwa ajili yako?" Mwalimu alisema. Alikuwa amechoka, hakulala vizuri kwa hofu ya vile vitunguu. Mtu akiwa hivyo ndipo humpiga aliye karibu. "Wewe ni nani hata nifanye kwa ajili yako? Ukoo wenu mzima mmekula kwa mshahara wangu. Kaka yako mwenyewe niliokota mtu asiyejua kuandika jina lake, nikamfanya aonekane binadamu. Amekufa na deni langu. Sasa na wewe unakuja na mpira wako wa maji kunipa ushauri."

Wifi alikaa kidogo, kama mtu anayesubiri sentensi imalizike vizuri. Ilipokuwa wazi kwamba imeshamalizika, aliinuka, akakipeleka kikombe chake jikoni, akakisuuza, akakifunika, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mwalimu alijua alichosema. Hakuwa mjinga. Alijiambia kwamba atamwita kesho, atampa kitambaa kizuri, na yataisha kama yalivyokwisha mengine. Kesho ikaja na jua kali, akaenda shambani kuhesabu hasara, akasahau.

Asubuhi moja alikuwa anapiga mswaki uani aliposikia injini.

Alidhani ni lori barabarani. Akasikiliza. Haikuwa lori. Kilikuwa ni kile kikohozi cha pampu, tuku-tuku-tuku, kinachotoka mtoni. Mwalimu akacheka, akacheka kweli, povu la dawa ya meno mdomoni. Haiwezekani. Akaingia sebuleni kutazama mezani. Hendeli ilikuwa pale pale, imelala juu ya kitambaa chake, safi kabisa.

Aliitia kwenye kikapu akaondoka bila hata kubadilisha viatu vya ndani.

Mtoni walikuwepo wote. Pampu ilikuwa imefungwa juu ya magurudumu yake, mabomba yameunganishwa, maji yanaruka kwenye mfereji kwa fujo. Sifuri alikuwa ameinama kando ya injini, grisi mpaka kwenye viwiko. Mkononi mwake kulikuwa na kipande cha nondo kilichopindwa mara mbili na kuchomelewa bomba mbele yake. Kilikuwa kibaya kukitazama. Kilikuwa kinafanya kazi.

Mwalimu akasimama na kikapu chake. Maisha yake yote alikuwa amewaza ni nini wasichokijua watu hawa. Haikumpitia akilini kwamba mtu anayechomelea baiskeli anaweza kupinda nondo. Ni jambo ambalo mtoto angeliona, na yeye hakuliona, kwa sababu ili uone kitu hicho lazima kwanza umtazame Sifuri kama mtu.

"Karibu, Mwalimu," alisema Mwenyekiti. Kikundi hiki kipya nacho kilikuwa kimemchagua yeye, maana kuna watu hawajifunzi. "Tunapanga zamu hapa."

"Nimeleta hendeli," alisema Mwalimu. "Ile halisi."

Wakatazamana. Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

"Hiyo kaa nayo tu," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Ni mgawo wako."

Ikabidi aseme. Lilikuwa neno ambalo hakuwa amelitumia kwa watu hawa hata siku moja, na lilitoka limekunjamana. "Naomba zamu," alisema. "Vitunguu vyangu havifiki wiki ijayo. Kila nilichonacho kiko mle."

Mwenyekiti akakohoa, akaeleza kwa urefu kwamba kikundi kina taratibu zake, kwamba aliyeleta kipande ndiye mwenye zamu, kwamba hata hivyo wao si wanyama, kwamba jambo la namna hii ni la wanachama wenyewe kuamua. Mwishowe akafika alikokuwa anakwenda. "Wanaokubali Mwalimu apewe zamu, wanyooshe mkono."

Mkono wa kwanza ulikwenda juu hapo hapo, mweusi kwa grisi. "Vitunguu vina kosa gani?" alisema Sifuri.

Mwalimu aliona aibu. Afadhali angekuwa mtu mwingine yeyote. Lakini ilikuwa ni kura, na sasa wengine wangefuata, akawatazama mmoja mmoja kama alivyozoea kulitazama darasa. Ndugu wa benchi wakaangalia vidole vya miguu. Mwenye mlango akamwangalia mwenye bawaba. Akamtafuta wifi. Wifi hakuwahi kumwangusha, na wifi akinyoosha, wanawake wote watanyoosha.

Wifi alikuwa amechuchumaa ukingoni anasuuza ndoo. Akaisuuza vizuri, akaimwaga, akaisuuza tena. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya ndoo.

Mwenyekiti alisubiri kuliko ilivyolazimu. Tumpe haki yake, alisubiri mpaka watu wakaanza kusogea sogea. "Mmoja," alisema. "Haitoshi, Mwalimu. Pole."

Alirudi kwa njia ya mfereji. Maji yalikuwa yanakwenda naye sambamba, mengi, yanameta juani, yakipita shamba baada ya shamba. Alipofika kwake alikuta mlango wa maji wa shamba lake umezibwa kwa udongo mbichi. Lakini chini ya ule udongo palikuwa na tundu dogo, na maji membamba yalikuwa yanapenya, yanaingia kwenye tuta la kwanza, yanaingia kwenye shina la kitunguu cha kwanza, cha pili, yanakitafuta cha tatu. Mwalimu akachuchumaa. Hakuligusa lile tundu. Alilitazama tu, akaanza kuhesabu: yakipenya hivi mpaka jioni, tuta zima litapona, labda mawili.

Akasikia mtu nyuma yake. Wifi alikuwa amesimama na jembe begani, maana zamu iliyokuwa inaanza ilikuwa yake. Kwa miaka yote aliyomfahamu hakuwahi kumwita kwa jina la watu wa nje.

"Nipishe kidogo, Mwalimu," alisema. "Maji yanapotea."

Akachota udongo kwa jembe, akauweka juu ya tundu, akaukanyaga kwa kisigino mpaka maji yakaacha kupita.